Mtunzeni angali anaimba

Hotuba niliyoitoa jioni ya kufungua tamasha la sanaa la mtaa wetu, hapa Ng'ambo, Unguja. Wengi mlikuwa kazini, wengine mko Muscat na Dubai na mmeniomba niwapelekee. Naiweka yote kama nilivyoisema, isipokuwa zile dakika umeme ulipokatika nikawa napiga ukelele bila kipaza sauti.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na wenzetu wasioitikia salamu hiyo, habari za jioni.

Bwana Sheha, wazee wangu mliokaa kwenye viti, wenzangu mliokaa kwenye majamvi, na nyinyi watoto mliokaa juu ya ukuta ambao nimeshawaambia mara tatu mteremke, karibuni nyote.

Nianze na kisa cha leo leo. Saa tisa mchana nilikuwa pale mlangoni nafunga kitambaa. Akaja kijana na Vespa yake, kijana mtanashati, kapiga mswaki kanukia. Akaniuliza, "Bi mkubwa, kiingilio shilingi ngapi?" Nikamwambia, "Bure, baba." Akatazama jukwaa. Akatazama turubali. Akatazama zile taa. Akasema, "Bure? Basi wasanii hamna." Akapiga kiki, akaenda zake.

Mnacheka. Na mimi nilicheka. Lakini neno la yule kijana limenikaa kifuani tangu mchana, kwa sababu si neno lake peke yake. Ni letu sote. Tumelelewa kwenye "rahisi ghali". Kitu kisichokuwa na bei tunakigeuza juu chini tukitafuta kimeoza wapi. Na leo tumekusanyika kuwaenzi wanawake waliotutangulia katika sanaa, wanawake ambao, mkiwafuata mpaka walikoanzia, wote walianza bure. Basi hawakuwa wasanii?

Nani hapa amewahi kubeba chungu kichwani kwa mwendo mrefu? Inueni mikono niwaone. Nawaona bibi zangu watatu kule mbele. Na wewe kaka mwenye kofia, teremsha mkono, hujabeba wewe.

Siti binti Saad alibeba. Kazaliwa Fumba yapata mwaka 1880, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Si la utani. Ndilo jina, Mtumwa, kwa sababu asili ya wazee wake ilikuwa bara, na kazaliwa zama za biashara ile tunayoijua. Utumwa wenyewe ulikuja kupigwa marufuku kisheria hapa Unguja mwaka 1897, binti keshakuwa mkubwa. Baba mkulima, mama mfinyanzi. Mama akifinyanga, mtoto anatembeza. Kutoka Fumba kuja mjini kwa miguu, kwenye njia ya mawe na mchanga, na vyungu kichwani, si matembezi ya kupunga upepo.

Na mwenye kutembeza biashara lazima anadi. Hapo ndipo penyewe. Yule binti akinadi vyungu, watu walikuwa wakijua amefika kabla hawajamwona. Sauti inatangulia, vyungu vinafuata. Hana jukwaa, hana ngoma nyuma yake, hana huyu bwana fundi mitambo wetu anayenipandishia na kunishushia sauti apendavyo. Anaita tu, na nyumba zinafunguka milango.

Sasa niambieni. Mama aliyetoka mlangoni akanunua chungu, hela ile aliitoa kwa chungu au kwa sauti? Chungu kilikuwa na bei. Sauti ilisikilizwa bure. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mwaka 1911 akahamia mjini, na mjini kwa mtu kama yeye maana yake huku kwetu, Ng'ambo. Siku hizo mkondo wa maji ulikuwa bado unapita, na Darajani palikuwa na daraja kweli. Upande ule mawe na milango ya nakshi, upande huu makuti. Kulikuwa na taarab, ndiyo, lakini taarab ilikuwa upande ule. Sultan Barghash alimpeleka Mohammed Ibrahim mpaka Misri kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, na muziki ukaingia kasri kwa Kiarabu na ukakaa huko kwa Kiarabu. Mwaka 1905 wakajikusanya waungwana wakaunda kikundi cha Ikhwani Safaa. Wanaume watupu. Alikuwa mmoja wao, Ali Muhsin, aliyeisikia sauti ya binti wa Fumba na kumfundisha.

Kumbukeni kwamba nasema habari za mwanamke ambaye hakusoma, asiyekuwa na ukoo wa kujivunia, na hakuwa na mali. Akaichukua taarab akaiimba kwa Kiswahili. Kiswahili kile kile cha kunadi vyungu. Akaalikwa kwa matajiri, akaalikwa kasri. Na jina? Lile jina la Fumba likaanguka njiani, watu wakamwita Siti, yaani bibi wa heshima. Mzazi alimwita Mtumwa, wasikilizaji wakamwita Siti.

Na akitoka kwa matajiri alirudi wapi? Huku. Nyumbani kwake Ng'ambo, na wenzake akina Subeti Ambar, Mbaruk Talsam, Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Usiku wanafanya mazoezi, na majirani wamejaa nje. Hakuna aliyesimama mlangoni kukata tikiti. Kwa hiyo tamasha hili la leo, jamani, msitupongeze sana sisi wanakamati. Hatukubuni kitu. Tamasha la bure la Ng'ambo lina umri wa karibu miaka 100.

Mwaka 1928 wakapanda meli mpaka Bombay, kampuni ya santuri ikamrekodi. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Sauti ya muuza vyungu ikawa inatoka ndani ya sanduku, kwenye mikahawa ya pwani nzima na huko bara. Alipofariki mwaka 1950 hakuwa mtu wa kupita tu. Shaaban Robert, ambaye kwa kalamu ya Kiswahili hakuwa na mfano, aliandika wasifu wake. Mwanamke wa vyungu! (Makofi.)

Pigeni makofi, ndiyo. Lakini waliokuwa wakimpiga vijembe nao walikuwepo, na si wachache. Walimtungia kijembe ambacho bibi zenu wanakijua kwa moyo: kwamba ulikuwa mtu lini wewe, umetoka shamba na kaniki mbili, na kama si hiyo sauti ungekula nini. Vijana, kaniki ni ile nguo nyeusi ya kimasikini, nguo ya kazi, nguo waliyovaa watumwa. Kumwambia mwanamke wa zama zile "kaniki" ni kumvua nguo mbele za watu.

Siti alijibu kwa wimbo. Akasema uzuri wa sura na ukubwa wa jadi si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu zuri, na watu wamelisifu sana. Mimi leo nataka kusema jambo jingine, mniwie radhi. Mimi nalipenda lile tusi lenyewe. Kama si sauti ungekula nini? Lisikilizeni vizuri. Hilo ni swali la kazi! Hakuna anayemwuliza seremala kama si randa ungekula nini, wala mvuvi kama si nyavu. Wale mahasidi, bila kujua, ndio watu wa kwanza kukiri hadharani kwamba kuimba ni kazi na kwamba mwanamke anaweza kula kwa kazi hiyo. Waliomsifu walisema ana kipaji. Waliomtukana walisema ana ajira.

Na kazi yenyewe haikuwa kuburudisha tu. Mnaujua wimbo wa Kijiti? Bibi zangu hawa wanatikisa vichwa. Ni kisa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, kaja Unguja kutembea, akachukuliwa na mwanamume aitwaye Kijiti, akapelekwa maguguni, akarudishwa maiti. Muuaji akavuka akakimbilia bara. Na lawama mahakamani? Zikawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Siti akalitia lile jambo katika wimbo, majina na yote.

Leo nenda kamwulize mtu hapa mtaani hakimu wa kesi ile alisema nini. Hakuna anayejua. Wimbo wanaujua. Jalada la mahakama lilifungwa, wimbo haukufungwa. Miaka mingi baadaye wanahabari wanawake wa Tanzania walipounda chama chao, TAMWA, na wakataka jarida la kupaza kilio cha wanawake, waliliitaje? Sauti ya Siti. Si bure.

Nimesema "si bure". Angalieni Kiswahili kinavyotusuta wenyewe.

Sisi watu wa taarab tuna neno letu, nalo ni kutunza. Wimbo umekuchoma. Mwimbaji yuko pale juu anakuimbia wewe, au anamwimbia jirani yako na wewe unafurahi zaidi. Unanyanyuka. Unarekebisha mtandio. Noti mkononi, mkono juu ili wote waione, unakwenda taratibu kwa mwendo wa ngoma, huna haraka, mpaka mbele, unamwekea mkononi, unazunguka na kurudi kwa mwendo ule ule. Ukiulizwa ulikuwa wapi unasema, "Nilikwenda kumtunza." Neno hilo hilo tunalitumia kwa mtoto mchanga. Hilo hilo kwa mzee aliyelala kitandani. Hilo hilo kwa kitabu usichotaka kiliwe na mchwa. Kiswahili hakikuona haja ya maneno mawili. Kumpa msanii chake na kumlinda asipotee ni kitendo kimoja.

Je, tumewatunza?

Ngojeni niwape kisa changu, maana si vizuri kuwasema watu wengine tu. Miaka ya themanini mwanzoni mimi nilikuwa mwitikiaji katika kikundi. Siku moja tukaalikwa kwenye hafla ya ofisi moja kubwa, siitaji, waliokuwepo wanajua. Waitikiaji tulikuwa wanawake watano. Tuliimba kutoka saa mbili usiku mpaka saa saba. Wakubwa wakafurahi, mmoja akalia machozi kabisa. Baada ya hapo akaja bwana mmoja na bahasha akawagawia wapigaji. Fidla bahasha, udi bahasha, kodiani bahasha, hata mpiga rika, na rika lenyewe lilikuwa halina nusu ya visahani. Kisha akatugeukia sisi na tabasamu kubwa. "Na nyinyi kina mama tumewakumbuka." Akatupa khanga. Doti moja.

Watu watano. Doti moja. Na doti ina vipande vingapi? (Viwili!) Viwili. Nikaisoma ile khanga chini ya taa ya basi tukirudi, imeandikwa: Tosheka na ulichonacho. Wallahi sitii chumvi. Kipande kimoja akachukua mkubwa wetu, kingine tukampelekea mwenzetu aliyekuwa amejifungua wiki ile. Sisi wanne tuliobaki tulikunywa soda.

Nilimwuliza kiongozi wetu wa kikundi, mbona wale bahasha na sisi khanga? Akasema bila chuki hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma, "Wale ni mafundi. Nyinyi mnaitikia." Nikamwambia basi nifundisheni fidla. Akacheka. Akasema fidla haikai vizuri kwa mwanamke. Nimeishi na sentensi hiyo miaka zaidi ya arobaini. Fidla inakaa begani, au siyo? Mimi bega ninalo!

Ndiyo maana mkiona nalia nikiwatazama Tausi, msidhani ni uzee. Bi Mariam Hamdani alipounda kikundi cha Tausi, wanawake watupu, wanawake kwenye fidla, wanawake kwenye kanuni na kodiani na ngoma, hakuleta kikundi tu. Alilijibu lile neno la bega. Na kile chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichoanza hapa mwaka 2002, kimetoa wasichana wanaosoma noti kama mimi ninavyosoma bei ya mchele. Mmoja wao atapanda hapa baada yangu. Nimemwona mchana anafunga nyuzi za kanuni, na nyuzi zile ni zaidi ya sabini. Ameinama, sikio karibu ligusane na ubao, anakaza ufunguo kidogo, anasikiliza, analegeza, anasikiliza tena. Saa nzima. Hajapiga wimbo hata mmoja, na kwangu mimi alikuwa keshafanya kazi ya siku.

Nije kwa Bi Kidude. Huyu simwelezi sana, kwa sababu nusu yenu mlimwona kwa macho yenu, akipita Rahaleo na sigara yake, na akitaka kukujibu anakujibu.

Fatuma binti Baraka, mtoto wa muuza nazi wa Mfagimaringo. Alizaliwa mwaka gani? Mwenyewe akisema enzi za rupia, na hapo ndipo hesabu ilipoishia. Kidude ni kile kijitu kidogo kisicho na jina, maana alizaliwa mdogo mno. Mmoja wetu aliitwa Mtumwa, mwingine kaitwa Kidude. Nyimbo za Siti alizipata kwa kusikiliza, bure, kama mtoto yeyote wa mtaani. Alitoroka chuo cha Kurani, akatoroka ndoa aliyolazimishwa, akaitembea bara kwa miguu bila viatu. Aliporudi akala kwa hina, kwa wanja na kwa unyago. Ya unyagoni sisemi hapa, wanaume wapo na watoto wako juu ya ukuta. Nasema tu kwamba ile ngoma ya msondo, ndefu vile, aliifunga kiunoni akaipiga amesimama, na uzito wake mwanamume wa makamo angeomba kiti.

Mwaka 2005 walimpa tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, kule Uingereza. Mwaka 2012 akavishwa nishani na Rais. Tarehe 17 Aprili 2013 alifariki kule Bububu, na mnakumbuka watu walivyojaa. Viongozi wa nchi, wageni, sisi. Nililia mpaka nikashikwa mikono.

Sasa nitasema jambo la aibu, na nitalisema kwa kuwa kipaza sauti kiko kwangu. Nyimbo zake zote nilizokuwa nazo ndani ya nyumba zilikuwa za kunakili. Zote. Nilinunua kwa kijana wa barabarani, tena nilimpunguza bei. Nikamlilia Bi Kidude kwa machozi ya haki, na mkono huu huu haukuwahi kumpa shilingi ya wimbo wake. Nani mwenzangu? Msiinue mikono, mimi nawajua.

Yeye alipata, alisafiri, alishikwa mikono na wakubwa, na kilichopita mikononi mwake wengi walikula naye. Lakini hamuoni kwamba tulimtunza kwa maana moja ya neno tukaisahau ya pili?

Msidhani ni waimbaji peke yao. Asubuhi mlipoona watoto wanakata pakiti za unga na makaratasi ya sabuni pale kwenye meza ndefu, mama mmoja alinifuata akasema, "Bibi, mmekosa hela ya rangi?" Nikamwambia kaa nikusimulie. Kulikuwa na mwanamke Mkenya, Rosemary Karuga, mzaliwa wa Meru, mwaka 1928. Alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma sanaa pale Makerere, miaka ya hamsini mwanzoni. Akarudi kwao akawa mwalimu, akalea watoto, na miaka ikapita mingi. Wenzake wanaume aliosoma nao wakawa majina. Miaka ya themanini, umri umekwenda, akarudi kwenye sanaa. Hana hela ya rangi. Ana nini? Ana jikoni. Karatasi ya sabuni ya Rexona, pakiti ya unga. Akavipasua vipande vidogo vidogo, akavibandika, zikatoka ndege, mbuzi, wanawake shambani, kwa rangi za makaratasi yale yale. Mwaka 1990 kazi zake zikatundikwa kwenye jumba la sanaa Harlem, New York.

Yule mama alinyamaza kidogo. Kisha akafungua mkoba wake akatoa kiboksi cha dawa ya meno, tupu, akampa mjukuu wake akakate.

Wengine mnaniuliza mbona sijamtaja Mwana Kupona. Namtaja. Mtunzi wa utendi, mwanamke wa Pate, mwaka 1858, mgonjwa, anamwita bintiye asogee na wino na karatasi. Mafunzo ya utendi ule kuhusu mume, mimi sikubaliani nayo yote, na nishabishana na mume wangu kuhusu beti kadhaa. Lakini mwanamke anayeona mauti yanakuja na la kwanza analotaka ni wino, huyo nampa heshima yake.

Shakila Saidi naye, sauti ya Pangani na Tanga, ya kikundi cha taarab cha Black Star. Nikianza kwake hatutalala, basi nyimbo zake mtazisikia jukwaani.

Nimalizie na mambo ya kamati, maana mmechanga na mna haki ya kujua.

Kwenye kikao cha kwanza, mwenzetu mmoja, mtu mwema tu, alisema, "Tamasha ni bure, na wasanii ni watoto wetu, wataimba kwa mapenzi." Wengi wakaitikia. Nikamwuliza, turubali limeletwa kwa mapenzi? Akasema hapana, limekodiwa. Jenereta? Limekodiwa. Yule bwana wa viti? Kataka hela mbele. Nikasema kwa hiyo katika kiwanja kizima kitu pekee kitakachokuja kwa mapenzi ni kile kitu ambacho watu wamekuja kukitazama? Kikao kikanyamaza. Tukavunjika bila ya uamuzi, nisiseme uongo, na wiki mbili tulinuniana.

Kikao cha tatu tukakubaliana. Wavuvi wa hapa wakatoa, wauza maduka wakatoa, kina mama wa vitumbua wakatoa sehemu ya mauzo ya leo, walioko Arabuni wakatuma. Ubao ule pale mlangoni, nendeni mkausome. Umeandikwa kila kilichoingia na kila kilichotoka. Fundi wa turubali yumo, na mwimbaji yumo, mstari mmoja chini ya mwingine. Na hakuna anayepanda jukwaa hili usiku huu kabla hajatia sahihi kwamba amepokea chake. Waitikiaji vile vile. Waitikiaji kwanza, kwa kweli, hilo nililisimamia mwenyewe na sababu mnaijua.

Fedha yenyewe si nyingi. Nasema wazi. Mpiga kanuni wetu angepata zaidi hotelini, akiwapigia wageni wanaokula pweza bila kumtazama. Amekuja, na nimemshukuru kwa hilo, lakini nimemlipa kwanza ndipo nikamshukuru.

Kwa hiyo kiingilio ni bure. Kaeni, leteni watoto, leteni bibi zenu wenye magoti mabovu, viti vyao vimewekwa mbele. Lakini wimbo ukikuchoma unajua la kufanya. Usitoe simu ukamrekodi halafu ukaenda nyumbani. Noti ya elfu, hata ya kuazima kwa jirani. Mkono juu, taratibu, huna haraka.

Matangazo mawili. Kimepatikana kiatu cha mtoto, cha mguu wa kushoto, kiko kwa Bwana Sheha. Na kina mama wa vitumbua wanasema vimebaki sahani sita.

Naona kule nyuma, nje ya mwanga wa taa, kuna Vespa imesimama. Karibu baba, sogea, jamvi lipo. Bado ni bure. Watoto, teremkeni ukutani sasa hivi. Na wengine nyamazeni kidogo, kuna uzi mmoja wa kanuni haujakaa sawa, na huyu binti hataanza mpaka ukae.